Ukitaka picha ya enzi za bibi, chagua mwaka kwanza

MAHARUSI na wahitimu wengi siku hizi wanataka picha ya enzi za bibi: pazia la maua nyuma, kiti cha mbao, redio mezani. Mpiga picha anaondoa rangi kwa kompyuta, kazi imekwisha. Bibi mwenyewe akionyeshwa anacheka. Gauni ni la 1955, raizoni mguuni ni za 1973, na mtindo wa nywele ni wa wiki iliyopita.

Chagua mwaka mmoja na mji mmoja. Katika nchi zetu mavazi yalikuwa na mipaka, mingine ya serikali. Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana Oktoba 1968, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita mitaani Dar es Salaam. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire ya Mobutu iliikataa tai katika miaka ya sabini, na ruhusa ikarudi 1990. Wanaume walivaa abakosti, koti lisilohitaji tai. Bwana harusi anayemwiga babu yake wa Lubumbashi wa 1975 akija na tai, basi amemwiga babu wa jirani.

Kwa hiyo kabla ya kukodi nguo, fungua sanduku la nyumbani. Kaa na bibi, muulize nani alishona, kwa nini alivaa hivyo, na nani alimkataza. Sketi fupi ya shangazi huenda ilimgharimu kuliko unavyodhani. Wazee hao wanapungua, na majibu yao hayakodishwi.

Baada ya nguo, mwanga. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alipenda kupiga uani kwa mwanga wa jua. Nyuma ya mteja alitundika shuka lenye nakshi, na mara nyingi alipiga picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Ndiyo sababu watu wale wametulia hivyo: mkono umepangwa, shingo imenyooka. Wateja aliwaazima suti, saa, kalamu na redio. Mtu alitoka studio akiwa vile alivyotamani kuwa.

Mwambie mpiga picha wako akupige mara tatu tu. Utaona jinsi utakavyosimama.

Kama picha ni nyeusi na nyeupe, usichague nguo kwa rangi. Nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu kilekile, na mshono wote ukapotea. Chagua michoro: kanga yenye pindo pana, kitenge cha maua makubwa, gomesi yenye mkanda unaong’aa. Pazia likiwa na maua, nguo iwe na mistari au madoa makubwa. Saa ya kisasa na simu viachwe mkobani, na kope za bandia pia, hata bibi harusi akinuna.

Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za studio hiyo bado zinatazamwa kwa sababu zilichapwa kwenye karatasi. Yako nayo ichapwe. Nyuma yake andika kwa kalamu jina, mji, tarehe, na nguo ilikuwa ya nani.