Kupima Virusi vya UKIMWI: Sheria Inasemaje?



Msimu wa kahawa sisi wa Ruanda hukutana kwenye mzani wa chama cha msingi. Pale maneno hayakosi. Siku moja tulikuwa kwenye foleni na magunia yetu. Mama mmoja akasema mkwe wake ni mjamzito, lakini haendi kliniki. Kwa nini? Ameambiwa asiende bila mume, na mume yuko Tunduma kwenye vibarua. Mzee mmoja akadakia: "Afadhali asiende. Ukipimwa damu, jina lako linapelekwa kwa mtendaji. Kesho kijiji kizima kinajua." Kijana mmoja naye akasema siku hizi kupima ni lazima, ukikataa unafungwa.

Wote watatu walikosea. Lakini tusiwacheke. Sheria yenyewe imeandikwa kwa maneno magumu, na wachache wameisoma. Hebu tuiangalie pamoja.

Ugonjwa huu uligunduliwa nchini kwetu mwaka 1983, kule Kagera. Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria yake. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI. Ni Sheria namba 28 ya mwaka huo. Hiyo ndiyo tunayoitumia mpaka leo, ingawa imefanyiwa marekebisho.

Tuanze na yule kijana. Je, kupima ni lazima? Hapana. Sheria inasema mtu hupima kwa hiari yake. Hakuna wa kukulazimisha, awe mwajiri, mwenye nyumba, au mchumba. Wako watu wachache tu ambao sheria inawaweka kando: mtu aliyeamriwa na mahakama, mtu anayetoa kiungo cha mwili wake kumpa mwingine, na mtu wa makosa ya kujamiiana, kama vile kubaka. Wengine wote ni hiari. Tena kabla ya kupimwa lazima upewe ushauri, na baada ya kupimwa upewe ushauri tena. Ukiona unachomwa kidole bila kuelezwa kitu, una haki ya kuuliza.

Na vijana? Zamani mtu wa chini ya miaka 18 alihitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2019 Bunge lilibadili jambo hilo. Sasa kijana wa miaka 15 anaweza kwenda kupima mwenyewe. Wazazi wengine walinung'unika. Sisi tunaona Bunge lilifanya vema, maana kijana anayeogopa kumwambia baba yake hatapima kamwe, na virusi havimngojei afikishe miaka 18. Mwaka huo huo sheria iliruhusu pia mtu kujipima mwenyewe kwa kipimo maalumu. Lakini kipimo hicho kikionyesha kuna virusi, usikate tamaa na usimalizie hapo. Nenda zahanati upimwe tena ili kuhakikisha.

Sasa yule mzee. Majibu yako ni siri. Sheria inasema apewe mwenyewe aliyepima. Mtendaji wa kijiji hana haki ya kuyapata, wala mwenyekiti, wala shemeji yako anayefagia zahanati. Mhudumu akitoa siri hiyo amevunja sheria na anaweza kushtakiwa. Majibu ya mtoto mdogo hupewa mzazi au mlezi. Mahakama nayo inaweza kuyataka.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima tuliseme wazi. Sheria inaruhusu pia mwenzi wako kupewa majibu yako. Tena inakutaka wewe mwenyewe, ukijua una virusi, umwambie mwenzi wako mara moja, na uchukue tahadhari usimwambukize. Na mtu anayemwambukiza mwenzake kwa makusudi anaweza kufungwa miaka 5 hadi 10.

Hapa ndipo penye ugumu. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, nani hupima kwanza? Ni mama, kwa sababu ya kliniki ya wajawazito. Baba hajapima hata siku moja. Basi mama akirudi na habari, anaambiwa, "Kumbe wewe ndiye uliyeleta!" Wengine hupigwa, wengine hufukuzwa na watoto. Kumbe aliyepima kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza. Waliotunga sheria hawakulitazama hili sawasawa, hayo ni maoni yetu. Kwa hiyo, mama, ukiona nyumbani hapako salama, usiende kusema peke yako. Mwambie mshauri wa zahanati. Yeye anaweza kumwita mume, mkae wote watatu, na mume apimwe pia. Yako majumba mengi ambamo mmoja ana virusi na mwingine hana. Hilo si ajabu.

Hii inatuleta kwa yule mkwe. Sheria inasema mjamzito na mwanamume mwenye mimba hiyo wapewe ushauri na waombwe kupima kwa hiari. Ni vizuri baba aende. Lakini sheria haisemi kwamba mama asiyekuja na mume arudishwe nyumbani. Mahali pengine mama huambiwa alete barua ya mwenyekiti kwamba mume hayupo. Kama kwenu ni hivyo, chukua barua, lakini usikae nyumbani kwa sababu ya barua. Mama mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, mtoto wake anaweza kuzaliwa na kunyonya bila kuambukizwa. Mtoto naye hupewa dawa, na damu yake hupimwa akiwa na wiki 6 hivi. Miezi ya mimba ikipotea hairudi.

Kupima ni bure. Dawa za kufubaza virusi, zile tunazoita ARV, nazo ni bure tangu mpango wa serikali ulipoanza mwaka 2004. Mtu akikutaka hela ya dawa hizo, hapo kuna wizi. Zamani mgonjwa alisubiri mpaka kinga ishuke ndipo aanze. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni mwingine: ukionekana una virusi, unaanza dawa. Ukizimeza vizuri, virusi hupungua mpaka kipimo hakivioni, na hapo huwezi kumwambukiza mwenzio kwa kujamiiana. Lakini bado vimo mwilini. Ukiacha dawa vinaamka. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, na wako walioacha dawa zao. Wengine walirudi hospitali hali zao zikiwa mbaya.

Na wanaosafiri, maana sisi tuko karibu na mpaka? Usiende Tunduma au Zambia bila kusema kliniki. Mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa. Anayehama hupewa barua ya kuhamia kliniki nyingine.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na fedha nyingi za dawa hizi zilikuwa zinatoka huko. Wenye kadi za kliniki waliingiwa na hofu, na baadhi ya wahudumu waliolipwa na miradi waliondolewa. Ukisikia uvumi kwamba dawa zimekwisha, usikae nyumbani. Nenda na kadi yako ukaulize pale pale zahanati.

Yule mama wa kwenye foleni alituuliza kama anaweza kupata gazeti hili likitoka, akamsomee mkwe wake. Tulimwambia tutampelekea. Akasema tumletee mawili, moja la mwanawe aliyeko Tunduma.