Fremu ya Picha Iliyovikwa Ngozi

Katika sebule nyingi za Nyeri, kuanzia nyumba za kupanga za Skuta hadi maboma ya wakulima wa kahawa na chai wa Tetu na Othaya, ukutani hutundikwa picha za watu ambao familia haitaki wasahaulike: wazazi siku ya arusi yao, kijana aliyevaa joho la mahafali, nyanya aliyefariki ambaye picha yake ilitangulizwa mbele ya jeneza na kurudishwa nyumbani baada ya mazishi. Picha hizo huenziwa sana, lakini fremu zinazozishika mara nyingi ni za plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, ambazo huachana kwenye pembe baada ya miaka michache na hazina namna ya kutengenezwa. Kuvika fremu ya mbao kwa ngozi ni ufundi wa zamani unaoweza kuziba pengo hilo, na malighafi yake karibu yote hupatikana katika nchi hii iliyo chini ya Mlima Kenya.

Ufundi huu una udugu wa karibu na ufundi wa kujalidi vitabu. Katika nyanda za juu za Ethiopia, vitabu vya ibada vilivyoandikwa kwa mkono katika lugha ya Ge'ez vilifungwa kati ya vibao viwili vya mbao, kisha vibao hivyo vikavikwa ngozi nyekundu ya mbuzi na kupigwa chapa za misalaba na mistari kwa vyuma vilivyopashwa moto. Upande wa pwani, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa wanakili wa Kurani na kwa mafundi wa ngozi. Wakikuyu nao, kabla ya vitambaa vya dukani kuenea, walivaa ngozi za mbuzi na kondoo zilizokwanguliwa, zikawambwa kwa vigingi, zikafikichwa na kupakwa mafuta ya mbarika hadi zikalainika. Mavazi hayo yalifaa kwa kazi yake, lakini ngozi iliyolainishwa kwa mafuta peke yake haifai fremu, kwa sababu ikilowa na kukauka hukakamaa na hatimaye huweza kuoza.

Ngozi inayofaa ni ile iliyosindikwa, yaani ngozi ambayo nyuzi zake za protini zimefungamanishwa na dawa ambayo haziachani nayo tena, hivyo kwamba bakteria hawawezi kuzila. Njia kuu za usindikaji ni mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama kazi ya fremu itafaulu au la. Njia ya kwanza hutumia chumvi za kromiamu, ambazo huipa ngozi rangi ya buluu iliyopauka; ni njia ya haraka, na ngozi yake ni laini na hunyumbuka, jambo linalofaa sana kwa viatu na makoti, lakini ikikunjwa juu ya ukingo wa mbao hujirudisha ilivyokuwa. Njia ya pili hutumia tanini, yaani dutu chungu inayopatikana katika magome na majani ya miti, na ngozi yake huchukua majuma au miezi kuiva. Ikiloweshwa hulegea, hufuata kila mfinyo wa mbao, na ikikauka hubaki palepale. Fundi asiyejua asili ya kipande alichouziwa anaweza kudondosha tone la maji juu yake: ngozi ya tanini ambayo haijatiwa rangi wala nta huyanywa maji haraka na kuwa nyeusi-nyeusi mahali hapo, ilhali ngozi ya kromiamu ikikatwa mara nyingi huonyesha ubuluu au ukijivu katikati ya unene wake.

Hapa ndipo historia ya Mlima Kenya inapoingia. Mti wa mwati, ambao wenyeji huuita muthanduku, uliletwa kutoka Australia na kupandwa kwa wingi na wakulima wa Kati mwa Kenya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa kuwa gome lake lililokauka hubeba tanini inayokaribia au kupita thuluthi moja ya uzito wake. Magome yaliuzwa viwandani na kuni zikabaki nyumbani, na kwa miaka mingi zao hilo liliwaingizia Wakikuyu fedha taslimu. Nchini Tanzania biashara kama hiyo ilijengwa Njombe na kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949. Mwati ungali unaota kwenye miinuko ya Nyeri, ingawa siku hizi wengi huujua kwa makaa na nguzo tu.

Ngozi mbichi nayo si haba. Mbuzi huchinjwa kila siku kwa ajili ya nyama choma, na huchinjwa pia katika shughuli za ruracio, yaani mahari ya Wakikuyu. Aidha, Nyeri ndiko yaliko makao ya chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Kenya, kilichozaliwa katika miaka ya 1990. Serikali iliweka ushuru wa asilimia 20 kwa ngozi mbichi zinazouzwa nje mwaka 2006, ikaupandisha hadi asilimia 40 mwaka 2007, ili ngozi zisindikwe nchini. Viwanda viliitikia, lakini sehemu kubwa ya ngozi iliishia katika hatua ya kromiamu ya buluu na kusafirishwa hivyo, ikiwa haijakamilishwa. Ni hasara inayosikitisha, kwa maana thamani kubwa ya ngozi hutokana na hatua zinazofuata. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko Nyeri, hufundisha teknolojia ya ngozi, kwa hiyo maarifa ya kuzikamilisha hayako mbali na Skuta.

Kwa upande wa mbao, mgrevilea unaopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa, pamoja na saipresi, hutosha kabisa, kwa sababu fremu itakayovikwa haihitaji mti wenye urembo wa kuonekana. Linalohitajika ni mbao iliyokauka hadi kiwango cha maji cha karibu asilimia 12, kwani mbao hupanuka na kusinyaa kukingama nyuzi zake kadiri hewa inavyobadilika, na mbao mbichi ikivikwa ngozi itakauka ndani ya vazi lake na kufungua viungo vya pembe. Kingo zote kali hupigwa msasa hadi zikawa duara kidogo, la sivyo zitaikata ngozi kwa ndani.

Ngozi ya mbuzi huwa na unene wa karibu milimita moja, na unene huo ukikunjwa nyuma ya fremu huleta nundu. Kwa hiyo kabla ya gundi, fundi huilaza ngozi kifudifudi juu ya kipande cha marumaru au kioo kinene, akaipunguza pembezoni kwa kisu kipana chenye makali ya upande mmoja, akikisukuma karibu kimlalo hadi ukingo uwe mwembamba kama karatasi. Hiyo ndiyo kazi inayotofautisha fundi na mwanagenzi, na haiwezi kuharakishwa.

Baada ya hapo huja pembe, ambazo ndizo mtihani wa kazi yote. Baadhi ya mafundi huvika vipande vinne vya mbao kimoja kimoja kabla ya kuviunga, njia ambayo ni rahisi lakini huacha ufa wa mbao ukionekana pembeni ngozi inaposinyaa. Iliyo bora ni kuunga fremu kwanza, kuilaza juu ya ngozi moja nzima, kisha kutoboa dirisha katikati kwa kukata mishazari inayoelekea pembe za ndani. Mkato huo unapokunjwa, ngozi hufunguka na kuacha pembetatu ndogo ya mbao ikiwa uchi katika kila pembe ya ndani. Kwa sababu hiyo fundi mzoefu hutangulia kubandika vipande vinne vidogo vya ngozi ileile, vilivyopunguzwa pande zote hadi kingo zake zikapotea, na ngozi kubwa huja juu yake bila mtu kutambua kiraka kiko wapi. Kwenye pembe za nje ngozi ya ziada hukatwa, ikaachwa masalio yanayozidi kidogo unene wa ngozi yenyewe, ili upande mmoja uulalie mwingine na kufichwa kwa kusuguliwa na kipande cha mfupa laini.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ngozi ya tanini iliyolowa ikigusana na chuma huota madoa meusi ambayo hayatoki, kwani tanini na chuma huungana na kuwa weusi uleule uliotumika zamani kutengenezea wino. Vichwa vya misumari havina budi kuzamishwa na kuzibwa, na visu kufutwa vikauke. Hata hivyo mafundi wamelifanya kosa hilo kuwa faida: vumbi la chuma likilowekwa katika siki kwa siku kadhaa hutoa maji yanayoipa ngozi weusi usiochujuka.

Kuhusu gundi, ile ya mpira inayotumiwa na mafundi viatu hushika papo hapo na haitoi nafasi ya kusogeza ngozi, hivyo uji mzito wa unga wa ngano, ukichanganywa pengine na gundi nyeupe ya maseremala, ndio unaofaa zaidi. Fremu hukaushwa polepole kivulini, kwa sababu ngozi inayokauka kwa ghafla huvuta mbao nyembamba ikapinda. Katika Nyeri, ambako mwezi wa Julai huja na ukungu na baridi, kukausha huchukua muda mrefu zaidi, na chumba kisipopitisha hewa ngozi huota kuvu.

Mapambo hupigwa kwa vyuma vya shaba vilivyopashwa moto kidogo juu ya ngozi yenye unyevu. Akina mama na mafundi wanaotia vyondo mikanda na midomo ya ngozi tayari wana mkono wa kazi hii, na mistari ya kiondo ingependeza kwenye fremu kuliko maua ya kuigwa.

Ngozi ina asidi, kwa hiyo picha isiiguse. Iwekewe kadi isiyo na asidi kuizunguka, na kioo mbele. Mwanzoni mwa karne ya 20, kamati ya Society of Arts ya London iliyochunguza kuoza kwa majalada ya vitabu iligundua kwamba ngozi zilizosindikwa kwa tanini za jamii ya mwati hudhoofika upesi kuliko nyingine mbele ya mwanga na moshi wenye salfa, hadi zikawa vumbi jekundu. Kwa hiyo fremu iliyovikwa ngozi ya namna hiyo hutundikwa kwenye ukuta usiopigwa na jua, mbali na jiko, na hupakwa nta kidogo mara moja moja. Pembe ikiinuka, uji wa ngano hulegezwa kwa kitambaa chenye maji, ngozi ikafunuliwa bila kuchanika na kubandikwa upya, na kioo kikivunjika hubadilishwa kwa nyuma bila kuligusa vazi la mbele.