Je, Waandishi wa Vita Hutia Chumvi?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala. Hoja ilisema kwamba waandishi wa riwaya hupita kiasi wanapoeleza mabaya ya vita. Waliounga mkono walishinda kwa makofi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, kwa hivyo naomba nafasi hii nimalizie yale ambayo kengele ilinikatiza.

Kitabu kilichotajwa sana siku hiyo ni Weep Not, Child cha marehemu Ngugi wa Thiong'o, kilichotoka mwaka wa 1964. (Katika Kiswahili tunayo Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi, 1969, juu ya vita hivyo hivyo vya Mau Mau, lakini hakuna aliyeikumbuka, na sisi ndio Chama cha Kiswahili!) Katika kitabu cha Ngugi kuna Njoroge, mwanafunzi wa sekondari kama sisi. Wakati wa Hali ya Hatari anatolewa shuleni, anapelekwa kwenye kituo, na afisa Mzungu anamtesa kwa koleo, ile ya fundi ya kung'olea misumari, mahali ambapo siwezi kupataja katika jarida la shule. "Hapo Ngugi alizidisha!" akasema msemaji wa kwanza, na darasa zima likapiga meza.

Haya, sasa sikilizeni. Mwezi wa Julai 2012 wazee wetu wa Mau Mau walikuwa katika Mahakama Kuu ya London wakiishtaki serikali ya Uingereza. Mmoja wao, Mzee Paulo Nzili, alieleza kwamba alipokuwa kizuizini alihasiwa kwa koleo. Koleo ile ile ya riwaya! Wakili wa serikali hakubisha. Alikiri kwamba wazee hao waliteswa. Mwaka wa 2013 Uingereza ikasema inasikitika, ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya watu 5,228. Kitabu kilikuwa kimetangulia korti kwa miaka 48.

Tena kuna Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa walipigwa huko na 11 wakafa. Mzee Wambugu wa Nyingi, ambaye pia alikuwa katika kesi ya London, alitupwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Taarifa ya kwanza ya wakoloni ilisema eti watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Sasa niambieni, aliyetunga hadithi hapo ni nani?

Lakini wapinzani wangu walikuwa na jambo moja la kweli, na nilikosea kulikataa. Viko vitabu ambamo watu wanakufa kama nzi, ukurasa mmoja maiti ishirini na hakuna hata mmoja mwenye jina. Hiyo ni damu ya kuuzia kitabu. Njoroge tunamjua tangu siku mama yake anapomwambia ataanza shule, na ndiyo sababu koleo inatuuma sisi pia. Mwandishi anapita kiasi pale anapotuonyesha kidonda bila mwenyewe.

Wengine watasema, basi afadhali kunyamaza. Mwenzangu wa dawati hakupiga makofi upande wowote siku ile. Ayeeyo wake, yaani nyanya yake, alikimbia Mogadishu mwaka wa 1991 hadi akafika hapa Eastleigh. Akiulizwa habari za vita husema tu kwamba waliacha wali mekoni ukichemka, halafu anaomba aletewe chai.

"Sisi tunajua wali uliungua," mwenzangu aliniambia, "lakini hatujui mjomba alienda wapi."

Nilimtajia Links ya Nuruddin Farah, riwaya ya mtu anayerudi Mogadishu ya baada ya vita akitoka Marekani. Aliniuliza kama inatisha sana. Nikamwambia ndiyo, kuna mahali inatisha. Akafikiri kidogo, kisha akaniomba nimtafutie.