Nani Kasema Mjerumani Hana Mila?

Kila mwaka, Septemba inapofika na vijana wetu waliopata nafasi ya kusoma Ujerumani wakaanza kufunga mabegi, maneno ni yaleyale kwenye makundi ya WhatsApp. Beba unga. Beba pilipili. Kula ushibe ndani ya ndege, maana Mjerumani hajui mgeni. Atakuwekea mkate na jibini saa kumi na mbili jioni, aite chakula. Wanaojifanya wajuzi zaidi huongeza hukumu: wale watu hawana mila, wana saa na ratiba tu.

Mimi nilikaa na familia ya Kijerumani mjini Tübingen, kusini-magharibi mwa nchi ile, kabla sijapata chumba cha hosteli. Nilitafutiwa familia hiyo kwa njia ya kanisa, kwa kuwa sharika nyingi za KKKT, na zetu za Usambara zikiwemo, zina urafiki wa miaka mingi na sharika za huko. Nimechoka kusikia watu wale wakisemwa na waliokula nao mara moja tu. Sisemi ni malaika. Historia yao na sisi tunaijua, na mji wetu wa Lushoto wenyewe waliwahi kuuita Wilhelmstal. Lakini kusema hawana mila ni uongo.

Nianze na huo mkate, maana ndio unaolalamikiwa kuliko vyote. Kwa desturi ya zamani Mjerumani hula chakula cha moto mchana. Jioni jiko halikokwi. Huliwa Abendbrot, yaani mkate wa jioni. Kila mtu huwekewa kibao cha mbao mahali pa sahani. Katikati ya meza panakuwa na siagi, jibini za aina mbili tatu, soseji zilizokatwa nyembamba, matango madogo ya siki, figili, na birika la chai ya mnanaa. Mkate wenyewe ni mweusimweusi, mzito, wenye ganda gumu na uchachu wa unga wa shayiri nyeusi uliochachushwa. Anayeuita mkavu ameuzoea ule mweupe wa dukani unaobonyea kama sifongo.

Nyumba ile ilikuwa na bibi, mama yake baba mwenyeji wangu, aliyekuja kula nasi mara kwa mara. Siku akiwepo, yeye ndiye aliyekata mkate. Aliuinua mkate mzima, akaugeuza, akachora msalaba upande wa chini kwa ncha ya kisu. Halafu aliukumbatia kifuani na kukata vipande huku kisu kikimwelekea mwenyewe, na vyote vilitoka unene mmoja. Hakuna aliyekula kabla ya wote kuketi na kutakiana mlo mwema. Mikono yote miwili ilipaswa kuonekana juu ya meza, na mtoto aliyeficha mmoja chini alikumbushwa. Simu hazikuruhusiwa. Kila mtu alieleza siku yake ilivyokwenda, kuanzia mtoto wa darasa la pili, na baba mzima na ndevu zake alinyamaza kumsikiliza. Hakuna aliyenyanyuka hadi wa mwisho amalize. Kama hiyo si mila, basi sijui mila ni nini.

Njaa ya wageni wetu, kwa maoni yangu, haitokani na mkate. Inatokana na adabu mbili kugongana. Kwetu mgeni akiulizwa kama ataongeza, husema hapana, ameshiba. Mwenyeji naye hulazimisha, mgeni akakataa tena kidogo, mpaka sahani ikajaa na heshima ya kila mmoja ikatimia. Mjerumani huuliza mara moja. Ukisema hapana, anakuamini, na bakuli linahamia kwa mwingine. Kwake yeye, kumrudia mtu aliyekwisha kujibu ni kumdharau, ni kama kumwambia hajui tumbo lake. Kwa hiyo wengi wetu hulala njaa usiku wa kwanza katika nyumba iliyojaa chakula, na asubuhi wanaandika kwenye kundi kwamba Wajerumani ni wachoyo.

Kuhusu choyo hicho, niseme nilichokikuta jikoni siku nilipofika. Ukutani palikuwa na kalenda ndefu, ya aina iliyogawanywa safu, kila mwanafamilia na safu yake: mazoezi ya piano ya mtoto, daktari wa meno wa baba, zamu za mama hospitalini. Safu ya mwisho ilikuwa na jina langu, kwa wino uleule na mwandiko uleule. Tayari palikuwa pameandikwa siku ya kwenda kuandikisha makazi yangu halmashauri, siku ya kufungua akaunti ya benki, na jina la nani atanisindikiza. Hawakunipigia vigelegele mlangoni, walinipa mkono na ndara za kuvaa ndani. Lakini watu waliokwisha kukugawia siku zao kabla hawajakuona uso, huwezi kusema hawakukupokea.

Mama wa nyumba ile alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Hilo lilinishinda. Nilimwita Mama, naye akazoea.

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule hawasubiri ya tatu. Eneo lile la Waswabia lina desturi iitwayo Kehrwoche, zamu ya kufagia. Katika nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa, kibao huning'inizwa kwenye mlango wa mwenye zamu, na wiki hiyo yeye ndiye mwenye kufagia na kupiga deki ngazi, ukumbi wa kuingilia na njia ya mbele, na theluji ikianguka aiondoe. Wiki ikiisha kibao kinahamia kwa jirani. Asili yake hutajwa kuwa amri za usafi za mji wa Stuttgart za mwaka 1492, wakati wa Eberhard mwenye Ndevu, mtawala yuleyule aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1477. Wajerumani wa mikoa mingine huwacheka Waswabia kwa hilo. Mimi sikucheka. Kibao kilipofika mlangoni petu nilikabidhiwa fagio kama wengine, na jirani wa ghorofa ya chini, mzee ambaye hadi hapo alikuwa akiitikia salamu kwa kichwa tu, alisimama akanieleza kwa kirefu jinsi ya kufika kwenye pembe za ngazi. Tangu siku hiyo tulikuwa majirani.

Na hiyo salamu nayo inasemwa vibaya. Ni kweli njiani watu hupitana kimya. Lakini ingia chumba cha kungojea daktari, uone: kila aingiaye huwasalimu wote waliokaa, watu asiowajua kabisa, na wote humwitikia. Akitoka, anawaaga.

Mambo mengine nitayapita. Kuhusu kufika kwa wakati kila mtu ameshaandika. Sherehe za Fasnet za kabla ya Kwaresima, ambapo watu wa Rottenburg jirani huvaa vinyago vya mbao na kurukaruka barabarani, hazikunivutia. Bia waulizwe wengine.

Jumapili ndiyo niliyoipenda. Maduka hufungwa. Huruhusiwi kukata majani kwa mashine wala kutoboa ukuta, na hata kwenye mapipa ya kutupia chupa pameandikwa usitupe siku hiyo, kwa sababu ya kelele. Wanafunzi wetu hulalamika kwamba mji umekufa. Kwa Mjerumani utulivu huo umo ndani ya katiba. Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 iliilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko na ya kuinua roho, na Sheria ya Msingi ya mwaka 1949 ikakichukua kifungu hicho kilivyo. Jimbo la Berlin liliporuhusu maduka kufunguliwa Jumapili zote nne za Majilio, makanisa yalikwenda mahakamani, na Desemba 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba jimbo limevuka mpaka. Taifa lililopelekana hadi mahakama ya juu kabisa kwa ajili ya kupumzika Jumapili, leo tunaambiwa linajua kazi tu.

Ndani ya utulivu huo kuna taratibu. Baada ya chakula cha mchana familia hutoka kutembea, jua liwake au mvua inyeshe, bila kwenda mahali popote hasa. Saa tisa au kumi hivi hurudi kwenye kahawa na keki. Keki ya Jumapili huokwa Jumamosi. Ikiwa ni msimu wa plamu zile za zambarau, huwa ni keki ya plamu. Vikombe vizuri hutolewa kabatini, na jamaa huja.

Halafu Majilio. Hapa niruhusiwe kurefusha. Jumapili nne kabla ya Krismasi, shada la matawi ya msonobari huwekwa mezani likiwa na mishumaa minne. Jumapili ya kwanza huwashwa mmoja, ya pili miwili, hadi yote minne. Desturi hiyo ilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto wa mitaani. Watoto walimchosha kwa kuuliza Krismasi lini, ndipo alipochukua gurudumu la mbao akapanga mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, wahesabu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto husafisha viatu na kuviacha mlangoni ili Mtakatifu Nikolaus aviwekee njugu na machungwa. Jikoni huokwa biskuti za aina nyingi na kufichwa kwenye makopo ya bati.

Tarehe 24 jioni, sebule iliyokuwa imefungwa tangu asubuhi hufunguliwa. Kengele ndogo hulia, mlango unasukumwa, na mti umesimama pale ukiwaka. Nyumba ile walitumia mishumaa ya kweli, na baba aliweka ndoo ya maji pembeni. Waliimba beti zote za nyimbo, kwa kichwa, hata kijana wao wa miaka kumi na sita ambaye mwaka mzima haimbi chochote. Chakula cha usiku huo mkuu kilikuwa soseji za kuchemsha na saladi ya viazi. Najua msomaji wa nyumbani, aliyezoea Krismasi ya pilau na mbuzi, atasikitika. Lakini kwao mama wa nyumba naye hutakiwa kuwa sebuleni usiku ule, na soseji hazimfungi jikoni. Ningependa dada zangu walitafakari hilo.

Hoja kubwa ya wakosoaji ni wazee: kwamba Mjerumani huwatupa wazazi wake kwenye nyumba za wazee. Zipo nyumba hizo, na nimeona ndani yake upweke ambao sitautetea. Ila ukweli mzima ni kwamba zaidi ya robo tatu ya wanaohitaji uangalizi Ujerumani hutunzwa majumbani, wengi wao na jamaa zao, na tangu mwaka 1995 kuna bima maalumu ya uangalizi inayokatwa kwenye mishahara. Kwetu mzee hukaa nyumbani, ndiyo. Anayemfulia na kumgeuza kitandani huwa ni mkwe au mjukuu wa kike aliyeachishwa masomo, na hilo hatuliandiki.

Kinachonisikitisha ni kwamba wakati sisi tunasema hawana mila, mila zenyewe zinawaponyoka. Kehrwoche sasa nyumba nyingi zimeyakabidhi makampuni ya usafi. Mila ya mkate iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni, na aina za mkate zilizoorodheshwa zinazidi 3,000, lakini waokaji wenyewe wanafunga. Miaka ya 1950 Ujerumani Magharibi peke yake ilikuwa na waokaji zaidi ya 50,000. Leo nchi nzima ina chini ya 10,000. Familia nyingi sasa hupika jioni, kwa kuwa mchana wote wako kazini na shuleni, au kila mtu hula na skrini yake. Bibi yule mkata mkate, mkwewe hachori msalaba. Nilimuuliza kwa nini; akasema hajawahi kulifikiria.

Wajerumani walituandika sisi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Walitaka kutujua kwa sababu walitutawala, na shukrani aliyopata Mtoro ni ndogo: alipotaka kurudi Afrika Mashariki na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni ilimzuia, naye akafia Berlin mwaka 1927. Kabla yake, Amur bin Nasur wa Unguja, mwalimu mwingine wa Kiswahili huko, aliacha maelezo ya safari na maisha yake Berlin kwa lugha yetu. Zaidi ya karne imepita. Sisi tunaokwenda leo kwa hiari, na kwa visa, tunarudi na picha za theluji.

Basi wewe unayesafiri muhula huu: ukiulizwa kama utaongeza, sema ndiyo mara ya kwanza. Zamu ya fagio ikifika, ishike. Na kama nyumba uliyofikia ina bibi, kaa naye, muulize wanavyozaa, wanavyooa, wanavyozika na wanavyokata mkate, kisha uyaandike kwa Kiswahili.