Umeme Ukikatika, Nani Afunge Kisima?

Vali za kisima cha gesi kilicho chini ya bahari hazina fundi wa kuzisogelea. Kwa miongo mingi zimefunguliwa kwa haidroliki: pampu za jukwaani au nchi kavu husukuma kimiminika, mara nyingi maji yenye glaikoli, ndani ya mirija myembamba iliyofungwa pamoja na nyaya katika mkongo mmoja. Huko Snøhvit, Norway, umbali kutoka ufukweni hadi visimani ni kama kilomita 140. Mkongo wa aina hiyo una gharama kubwa, na katika mifumo mingi kila vali inapofungwa kimiminika humwagwa baharini.

Mwaka 2008, kwenye eneo la gesi la K5F katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uholanzi, kampuni ya Total ilianza kutumia vali zinazosukumwa na mota za umeme. Hata hivyo, vali ya usalama iliyo ndani kabisa ya kisima ilibaki ya haidroliki hadi 2016, kisima cha K5F-3 kilipoanza kazi kikiwa cha umeme mtupu.

Kwa nini kungoja miaka minane? Naona jibu liko kwenye springi. Katika haidroliki, presha huibana springi; presha ikipotea, springi hufyatuka na kisima hujifunga chenyewe. Mota yenye gia haifanyi hivyo. Umeme ukikatika, inaganda palepale ilipofika, hata kama vali iko wazi. Ndiyo maana wahandisi wengine huweka klachi inayoshikwa na umeme kidogo tu: ukikatika, klachi inaachia na springi inafunga. Wengine hutegemea betri. Mimi naiamini springi zaidi, kwani haihitaji kuchajiwa.

Faida ya mota nayo si ndogo. Vali ikianza kukwama, mota hula umeme mwingi kuliko kawaida, na fundi aliye nchi kavu anauona ugonjwa kabla haujakomaa.

Kwetu jambo hili liko karibu. Gesi ya Zafarani, iliyogunduliwa 2012 mbele ya pwani ya kusini mwa Tanzania, iko kwenye maji ya kina kinachozidi mita 2,000. Visima vyake vikichimbwa kwa uzalishaji, nataka vijana wa Lindi na Mtwara wanaosomea umeme wawe wameshafundishwa kusoma mkondo wa mota hizo, na wawe ndio wanaokaa mbele ya skrini.