Sura ya 5: Sindano Inayosingiziwa

Nilikusudia sura hii iende kwa mpangilio: macho, kisha figo, mishipa ya fahamu, miguu, na mwisho moyo. Lakini ukitaja madhara ya kisukari kwenye baraza lolote la Garissa, hutafika kwenye figo kabla mtu hajakukatiza: "Abti alikuwa mzima kabisa mpaka walipomwanzishia sindano. Mwaka haukuisha, mguu ukakatwa." Basi tuanze hapo, maana maneno hayo yanawafikisha watu hospitalini wakiwa wamechelewa.

Abti, yaani mjomba, hakuwa mzima. Alikuwa na sukari isiyouma. Kisukari cha aina ya pili hukaa mwilini miaka mingi bila kelele: kiu husingiziwa joto, kukojoa usiku husingiziwa umri, uchovu husingiziwa Ramadhani. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, ulioandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 kuanzia 1977, uliwakuta karibu nusu yao wana dalili za madhara siku ile ile walipoambiwa wana kisukari. Matokeo yalipotoka mwaka 1998, waliodhibiti sukari kwa makini zaidi, wengine kwa vidonge na wengine kwa insulini, sindano hiyo hiyo, walikuwa wamepunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25.

Mishipa midogo ndiyo kitovu cha habari hii. Sukari ikizidi kwenye damu hunata kwenye protini. Ikinata kwenye hemoglobini haitoki, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kipimo cha HbA1c husoma wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Hakidanganyiki na mtu aliyeacha chai tamu juzi kwa sababu leo ana kliniki. Kuta za mishipa zikiharibika, retina huvuja, chujio za figo hupitisha protini kwenye mkojo, na neva za miguu, zilizo ndefu kuliko zote, hufa ganzi kuanzia vidoleni. Mguu huo hausikii mwiba wa mgunga wala mchanga wa saa saba. Kidonda hutokea, damu ya kukiponya haifiki vya kutosha, usaha huingia mfupani. Ndipo abti anafikishwa hospitali ya rufaa, sukari imepita 20, na daktari anaagiza insulini. Sindano imekuta nyumba inaungua, halafu inashtakiwa kwa moto. Muulize anayesimulia: HbA1c ya abti ilikuwa ngapi mwaka mmoja kabla ya sindano? Mara nyingi haikuwahi kupimwa.

Wengine hufika wakiwa wameshachomwa kwa chuma cha moto pale pale penye ganzi. Kuongeza kidonda juu ya mguu usiosikia ni ujinga, hata ukifanywa na mzee anayeheshimika na familia nzima.

Halafu kuna maziwa ya ngamia, ambayo siku hizi yanauzwa kama tiba. Ni kweli yana protini zinazofanana na insulini, na kumekuwa na majaribio India yaliyoonyesha matumaini. Ni majaribio madogo mno kumwachisha mtu dawa. Insulini hudungwa kwa sababu tumbo huimeng'enya kama nyama. Tena maziwa hayo yana sukari yake ya asili. Kunywa, ni chakula chetu, lakini yahesabu kama chakula. Habasoda, inayosifiwa vivyo hivyo, nayo ibaki jikoni.

Hoja moja tu ya wanaoogopa sindano ina uzito: joto letu. Maelekezo ni kwamba chupa isiyofunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Asiye na friji afanyeje? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa aende hospitali kila anapohitaji dozi, na mfugaji hawezi kuishi hivyo. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, wakalipima swali hili Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab. Walirekodi joto ndani ya nyumba ya kambini: lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chuo Kikuu cha Geneva kikaiga joto hilo maabara kwa wiki nne, kikipima aina mbalimbali za insulini. Nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1, sawa na ile iliyohifadhiwa baridi. Matokeo yalichapishwa Februari 2021 katika jarida la PLOS ONE. Dagahaley wagonjwa wakaweza kujidunga nyumbani.

Usiyasome vibaya. Wiki nne ni wiki nne. Ndani ya nyumba ni kivulini. Dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani si mahali pa insulini. Chupa za akiba zibaki kwenye baridi la kituo, na iliyoganda barafu itupwe. Asiye na friji atie chupa kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowa.

Nafasi imekwisha, na moyo utasubiri sura ya 6. Lakini usisubiri sura hiyo kupimwa. Kila mwaka, hata ukijisikia vizuri, dai vitu vitatu kliniki: mkojo upimwe protini, macho yachunguzwe kwa ndani, na soksi zivuliwe miguu ionekane. Daktari akikuandikia dawa bila kutazama nyayo zako, zivue mwenyewe.