Mbwa Akae na Mbuzi kwa Amani

Mwaka mmoja wakati wa mvua, mbwa wa nyumba yangu alimkamata mwana-mbuzi wa jirani, akamwua kando ya njia mbele ya watoto waliokuwa wakienda shule. Maskini yule alikuwa amefungwa kambani, hakuweza kukimbia. Nililipa mbuzi mzima, lakini malipo hayakuponya neno. Kwa miezi mingi mke wa jirani hakuja tena kuomba moto kwetu, wala watoto wetu hawakuchota maji pamoja. Mzee mmoja aliyesikiliza shauri letu aliniuliza, «Mwalimu, wewe unafundisha watoto wa watu wote, na mbwa wako, nani amemfundisha?» Sikuwa na jibu.

Tusidanganyike: mbwa yule hakufanya hivyo kwa uovu. Kitu kinachokimbia humwamsha mbwa, kwa maana wazee wake waliishi kwa kufukuza. Nasi twamwongezea. Twamchukua porini, twamfunga kengele ya mti shingoni, twamshangilia anapomfuata paa. Kisha jioni twastaajabu kuona hajui tofauti ya paa na mbuzi. Angeijuaje?

Yule Mwingereza Charles Darwin, alipokuwa akisafiri katika nchi ya Uruguay mwaka 1833, aliona makundi makubwa ya kondoo yakilindwa na mbwa mmoja au wawili, mbali sana na nyumba na watu. Aliuliza jinsi walivyofunzwa. Wenyeji walimtenga mtoto wa mbwa na mama yake angali mdogo sana, wakamshika kondoo jike mara tatu au nne kila siku ili mdogo anyonye, wakamtandikia sufu zizini alale humo. Hakuruhusiwa kucheza na mbwa wengine, wala na watoto wa nyumba. Basi alipokua aliwahesabu kondoo kuwa jamaa yake. Jambo la kuchekesha ni hili: mbwa huyo alipokwenda nyumbani kuchukua nyama yake, mbwa wa pale walimfukuza, naye akakimbia kama mwenye haya, lakini mara alipofika kwa kondoo wake aligeuka na kubweka, na wale waliomfukuza wakarudi mbio.

Siri yote, basi, imo katika umri. Tangu juma la tatu hata karibu mwezi wa nne, moyo wa mtoto wa mbwa umefunguliwa. Wale anaoishi nao siku hizo atawapenda maisha yake yote. Baadaye mlango huo hufungwa polepole, na kazi huwa ngumu.

Katika nchi ya Namibia elimu hii imeokoa hata wanyama wa porini. Huko wafugaji waliwaua duma kwa wingi kwa sababu ya hasara ya mbuzi na ndama. Mwaka 1990 Bibi mmoja Mmarekani, Laurie Marker, alianzisha shirika la kulinda duma, na tangu mwaka 1994 shirika hilo limewapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, waliozoezwa na mbuzi tangu utoto. Mbwa husimama kati ya kundi na adui, akibweka kwa nguvu. Duma huona afadhali aende zake, kwa kuwa akiumizwa mguu hawezi kuwinda tena, na atakufa njaa. Na mtu asiseme kwamba mbwa wa namna hiyo hawapatikani kwetu: katika Botswana mbwa wa kienyeji, wadogo na wenye kula kidogo, wamefanya kazi hiyo hiyo vizuri.

Mwenye kutaka kujaribu amweke mtoto wa mbwa zizini pamoja na wana-mbuzi wapole, amjengee pembe ndogo ya kukimbilia, na kumlisha mumo humo. Mbuzi wakubwa wakimpiga pembe kidogo, vema. Hilo ni somo. Hatari huja baadaye, tangu mwezi wa tano hata atimize mwaka, anapoanza kuvuta masikio ya mbuzi na kuwakimbiza kwa mchezo. Mchezo huo ukiachwa huishia katika damu. Akemewe palepale. Wengine humning'inizia fimbo fupi shingoni, igonge miguu yake akitaka kukimbia. Kumpiga jioni kwa kosa la asubuhi ni kazi bure, maana hakumbuki sababu; atajifunza tu kukuogopa wewe.

Na mbwa mzima aliyekwisha zoea kufukuza? Huyo apelekwe karibu na mbuzi kwa kamba kila siku, apewe kitu kidogo cha kula kila anapowaacha na kukutazama wewe. Lakini asiachwe peke yake nao kamwe. Achanjwe pia, kama mbwa wote, kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na kupewa dawa ya minyoo.

Mbwa niliye naye leo ana miezi saba, naye hulala zizini. Simwamini bado. Beberu letu la zamani limemfundisha heshima kuliko mimi, na juzi mke wa jirani alipita pale, akasimama kumtazama, akaniuliza kama mbwa huyu atazaa lini.